Kiangazi ndo msimu wenyewe: na kamera ya shiti kutoka Dodoma mpaka Kolo

Jumatano jioni, Dodoma mjini

Kila nikimwambia mtu naenda kupiga picha za asili hapa hapa Dodoma na Kondoa mwezi wa tisa, jibu ni lile lile, subiri mvua, saivi pamekauka, utapiga nini, si uende Serengeti huko kwenye wanyama. Mi msimamo wangu ni tofauti. Kwa picha nyeusi na nyeupe, na hasa kwa kamera kubwa ya filamu za shiti, kiangazi cha kwetu huku ndo msimu wenyewe, na naandika hii safari siku kwa siku ili anayetaka kujaribu aone sababu zangu zikiwa kazini.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, kamera yenyewe ni fremu ya mbao, mbele ina lenzi, nyuma ina kioo chenye ukungu, katikati kuna ngozi ya kujikunja kama kodiani. Haina betri wala skrini. Filamu yake sio mkanda wa kuzungusha, ni shiti moja moja ya inchi 4 kwa 5, zinakaa mbili kwenye holda moja, yaani kibebeo chembamba cha filamu, mbele na nyuma, na unazipakia kwenye giza totoro. Eneo la hiyo shiti ni zaidi ya mara 12 ya negativu moja ya mkanda wa milimita 35, kwa hiyo gome la mbuyu, punje za jiwe, nyasi kavu za mbali kule, vyote vinaingia na vinakaa.

Sasa tatizo la kamera hizi ni upepo na muda. Ili kila kitu kiwe kwenye fokasi unafunga lenzi mpaka f/32 huko, yaani tundu dogo sana la kupitisha mwanga, filamu ninayotumia ni FP4 ya Ilford ambayo spidi yake ni 125, ukiweka na filta juu yake shata inashuka mpaka robo sekunde, nusu sekunde, asubuhi na jioni hata sekunde nzima na zaidi. Masika miti imejaa majani, majani yanacheza, unapata ukungu wa majani tu. Kiangazi mbuyu umevua kila kitu, umebaki shina na matawi yake manene, upepo upige usipige hautikisiki. Mawe ndo kabisa. Nchi yetu wakati huu imesimama tuli inasubiri shata ya polepole, afu watu wanasema hamna kitu.

Jioni hii yote ni kupakia holda. Nimefuta sakafu na meza kwa kitambaa kibichi, nimezima feni, madirisha nimeziba kwa blanketi na kitenge juu yake, nikakaa kwanza gizani dakika kadhaa kuangalia kama kuna mwanga unapenya chini ya mlango. Vumbi la Dodoma ndo adui namba moja. Punje ikikaa juu ya shiti wakati unapiga, pale mwanga haufiki, negativu inabaki wazi, na kwenye picha linatoka doa jeusi. Doa jeupe unaweza kulijaza kwa brashi na wino, ila jeusi katikati ya anga ni kazi nzito. Kujua upande wa filamu gizani unatumia vidole, kila shiti ina vijipengo pembeni, ukivihisi kona ya juu kulia basi upande wenye dawa unakuangalia wewe. Kifuniko cha holda upande mweupe nje maana yake haijapigwa, ukishapiga unarudisha na upande mweusi nje.

Filamu zenyewe huku haziuzwi, mi naletewa na jamaa akitoka nje, na namsisitiza pale uwanja wa ndege aombe zikaguliwe kwa mkono, zisipite kwenye mashine ya eksirei. Njiani nazibeba kwenye kibaridi, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki usioingiza unyevu, chupa za barafu pembeni.

Alhamisi, mibuyu ya barabara ya Kondoa

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, mdogo wangu anaendesha, tukapita Makutupora kuelekea Mayamaya bado giza. Jua mwezi huu linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na linapanda haraka sana, una saa moja na nusu ya mwanga wa ubavuni, basi. Huku kwetu kuanzia mwezi wa tisa kwenda wa kumi jua la mchana linakuja kukaa kichwani kabisa, kivuli kinakuwa chini ya miguu, gome la mbuyu linaonekana limepigwa pasi. Asubuhi ndo kila mkunjo unajitokeza.

Mbuyu nilioukusudia uko kwenye shamba la mzee mmoja, uwele umeshavunwa, mabua yamelala. Huwezi kuingia tu na tripodi kwenye shamba la mtu, na mibuyu mingine ina heshima zake za tambiko, lazima uulize. Tukamkuta ameamka zamani, yuko na fimbo yake anatazama ng'ombe wanatoka.

"Mbukwa, baba, shikamoo."

"Marahaba wanangu. Mnapima barabara?"

"Hapana baba, tunaomba kupiga picha huu mbuyu."

Akautazama kama mtu aliyeambiwa mwanae anatakiwa mjini. Akasema pigeni, ila upande ule wa mashariki msisimame, pale juu kuna nyuki, jua likiwapata wanashuka. Mi nilikuwa nimepanga kusimama mashariki, jua likiwa mgongoni. Tukahamia kusini, na kule jua likawa linaupiga mbuyu kwa ubavu, upande mmoja unawaka na mwingine uko kwenye kivuli, na katikati yake yale makovu ya zamani ambako watu walichuna gome kusuka kamba yakatoka yote. Mzee akanionyesha kwa fimbo, hili la babu zangu, hili la juzi juzi njaa ilipokuwa. Mti mwingine ukiuchuna hivyo unakufa, mbuyu unarudisha gome lake na kovu linabaki.

Hapa nieleze kidogo kwa nini sikuinamisha kamera kwenda juu. Ukiinua pua ya kamera, shina linakuwa pana chini na jembamba juu, mbuyu unaonekana unaanguka kwa nyuma. Kwenye kamera hii unaiacha imesimama wima kabisa, unapandisha lenzi peke yake, juu matawi yanaingia na chini unakata udongo usiouhitaji. Kwenye kioo yote yako kichwa chini miguu juu, mwanzoni inasumbua, baadae unaanza kuona maumbo badala ya kuona "mti".

Filta nikaweka ya chungwa. Najua wengi wanapenda nyekundu kwa sababu inafanya anga jeusi la kutisha, ila fikiria, kivuli cha asubuhi chini ya anga letu la bluu kinamulikwa na hiyo bluu yenyewe, na nyekundu inaikata bluu, kwa hiyo unatia giza anga na hapo hapo unaua kivuli. Na kivuli ndo kilichobeba makovu yale. Ya chungwa inatosha, inakula stopu mbili tu, kila stopu ni mwanga kupungua nusu. Nikapima kivuli cha shina kwa mita ya mwanga, mita inadhani kila kitu kiwe kijivu cha kati, kwa hiyo nikashusha stopu mbili kivuli kibaki kivuli lakini chenye maelezo ndani, hesabu ikaja nusu sekunde kwa f/32. Nikamwambia mdogo wangu asimame upande wa upepo ameshika mwavuli mkubwa, kwa sababu mbuyu hautikisiki lakini ile ngozi ya kamera inashika upepo vizuri tu. Chini ya tripodi nikaning'iniza mfuko wa mawe.

Afu nikasogea kwa gome lenyewe, karibu. Lenzi ya milimita 150 ikabidi ivutwe mpaka iwe milimita 210 kutoka kwenye filamu, na hapo mwanga unapungua kwa sababu umesafiri mbali zaidi ndani ya kamera. Unachukua 210 unagawa kwa 150, jibu unalizidisha kwa lenyewe, inakuja karibu na 2, yaani stopu moja zaidi. Hesabu hiyo mita ya mkononi haikufanyii.

Saa tatu upepo umeanza kuinua vumbi, tukafunga. Mama wa pale nyumbani akatuita tunywe uji kwanza, hatukukataa. Kutoka hapo mpaka Kondoa ni lami tupu, nililala njia nzima.

Ijumaa, makorongo

Hii ndo siku niliyoisubiri kuliko zote. Vilima vya Irangi kuzunguka Kondoa viliwahi kuwa mfano mbaya wa mmomonyoko nchi nzima, udongo mwekundu ulikatwa na maji miaka na miaka mpaka yakatokea makorongo ya kumeza nyumba. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, watu wanauita HADO, wakachimba makinga maji wakapanda miti, na 1979 wakafika mahali pa kuondoa mifugo yote kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Fikiria mfugaji kuambiwa hivyo. Wazee hapa wanaisimulia bado kwa uchungu, ng'ombe walipelekwa kwa ndugu mbali huko au wakauzwa, na wazee hao hao wanakuonyesha vilima vilivyofunikwa vichaka na miombo wanakwambia hapa palikuwa wekundu mtupu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja na mi nilitaka picha moja ibebe yote mawili.

Kwenye rangi huwezi. Nimeshaona picha za rangi za haya makorongo, wekundu unakula kila kitu, jicho linaona nyekundu linaridhika linaondoka. Ukiutoa wekundu inabaki ile kazi ya maji, mistari ya tabaka, mchanga mwepesi chini na udongo mzito juu, na mizizi inayoning'inia ukingoni imeushika ukingo usiende.

Tulishuka ndani ya korongo moja na kijana wa pale anayelisha mbuzi wa kufunga kamba, anajua njia. Sehemu niliyosimama, miguuni kuna mawe madogo na nyufa za tope lililokauka, mbele ukuta wa korongo unapinda, nyuma kabisa kilima kimefunikwa na miti. Jiwe liko mita moja na kilima kiko kilomita labda mbili. Hata ufunge lenzi mpaka mwisho fokasi haitoshi kwa namna ya kawaida. Dawa yake ni kuinamisha lenzi mbele kidogo, digrii chache tu, na fokasi badala ya kusimama wima inalala inafuata ardhi, inaanzia miguuni inapanda mpaka kilimani. Kanuni hii imebeba jina la Theodor Scheimpflug, afisa wa jeshi wa Austria aliyeitumia kwenye mambo ya picha za ramani za kutoka angani, hati yake ni ya 1904. Chini ya kitambaa cheusi unaiona ikitokea, unainamisha taratibu, jiwe linakaza, kilima kinakaza, ya katikati inakuja yenyewe. Sehemu ngumu ni ukuta uliosimama, kwa sababu fokasi ikilala, kitu kirefu kilichoko karibu kinatokea nje yake. Nilichukua karibu saa nzima kutafuta pa kusimama ambapo ukuta uko mbali kiasi, nikarudi nyuma, nikashuka, nikasogea kushoto, na yule kijana wa mbuzi akaniuliza dada umepoteza nini.

Mwanga niliungoja mpaka saa kumi na moja jioni. Mchana wote tulikaa kivulini tunakula mihogo ya kuchemsha, kamera imefunikwa kitenge. Kuna watu wanaona kungoja ni kupoteza siku. Mi naona kungoja ndo kazi, kwa sababu ulipokaa saa sita nzima mbele ya ukuta mmoja unajua kivuli kitaanzia wapi na kitafika wapi, na kikifika huna papara. Kilipofika kwenye mizizi nikapiga, shiti mbili zinazofanana, ya pili kwa ajili ya kurekebisha muda wa kusafisha kama ya kwanza itahitaji. Halafu jua likaenda nyuma ya kilima na korongo lote likazima ndani ya dakika mbili.

Jumamosi, Kolo

Kolo iko kaskazini ya Kondoa kwenye barabara hii hii ya kwenda Babati. Unaanzia ofisi ya hapo Kolo, unalipa, unapewa mwongozaji, ndo unaenda kwenye mapango ya michoro. Yamo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, mapango zaidi ya 150 yametawanyika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku 1951 akinakili michoro kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Gari inaacha chini, kupanda ni kwa miguu na ni mwinuko haswa, begi la kamera na tripodi mgongoni, mdogo wangu na holda na maji. Mwongozaji wetu ni mtu wa taratibu na nilimpenda kwa hilo. Alituambia Mongomi wa Kolo, pango lenyewe tulilopanda, sio makumbusho tu, watu wa hapa bado wanapanda kuomba na kufanya matambiko, kwa hiyo hakuna kugusa ukuta, hakuna kumwaga maji, na kamera nikaomba kwanza pa kuisimamisha.

Michoro ile mingi ni ya rangi nyekundu juu ya jiwe la kijivu na hudhurungi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe hii ni mtego, kwa sababu ule wekundu na lile jiwe kwa ung'avu vinalingana karibu sawa, kwenye picha vinakuwa kijivu kimoja na mchoro unapotea. Ukiweka filta nyekundu unaufuta kabisa. Hapa inatakiwa kijani, inakata nyekundu, watu warefu wembamba na wanyama wanatoka weusi juu ya jiwe jepesi. Kijani nzito inakula stopu tatu, na kwenye kivuli cha pango mita ikaniambia sekunde 10. Filamu lakini muda mrefu inachoka, sekunde ya kumi haifanyi kazi kama ya kwanza. Ilford wanatoa kanuni yake, kwa FP4 unachukua sekunde unazipandisha kwenye kipeo cha 1.26, sekunde 10 zinakuwa 18. Niliziandika kwenye karatasi kabla ya safari, 4 ni karibu 6, 10 ni 18, 30 ni 73, nikaibandika nyuma ya holda. Flashi sikuwa nayo wala siitaki mbele ya michoro ile.

Picha kubwa kwangu ilikuwa nyingine. Kutoka ndani ya pango ukitazama nje, jiwe la juu limetokeza kama paa zito, lina nyufa na madoa ya maji, na chini yake nchi nzima imelala kwenye jua mpaka inapotelea. Aliyekaa hapa kuchora alikuwa anatazama hii. Nikapima jiwe la ndani, nikapima uwanda, tofauti stopu 6. Ansel Adams na mwenzake Fred Archer, wapiga picha wa Marekani, walipanga mambo haya kuwa ngazi, mwaka 1940 hivi, kutoka nyeusi tii mpaka nyeupe pe, na ukiweka kivuli ngazi ya tatu, stopu 6 juu yake ni ya tisa, uwanda umeungua. Kwa hiyo unampa kivuli haki yake wakati wa kupiga, na mwanga unaurudisha chini baadae kwa kupunguza muda wa kusafisha. Nikaandika kwenye holda hiyo alama ya kutoa.

Mwongozaji akaniuliza kwa nini simu isitoshe. Nikamwambia simu ingefanya uchaguzi, ama pango ama uwanda, au ingevichanganya ikapata kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Akaingia chini ya kitambaa, akakaa sana, akatoka akasema kuna mti kule chini kwenye uwanda hajawahi kuuona. Tukautafuta kwa macho, kweli upo.

Jumapili, kurudi

Tumesimama mara moja tu, kwenye mto wa mchanga, mto wenyewe hauna maji juu ila akina mama wamechimba visima ndani yake wanachota. Mchanga una mistari ya maji ya masika iliyobaki. Nikapiga mistari, visima sikuvipiga, watu walikuwa kazini na madumu yao.

Jumatatu usiku, kusafisha

Maji ya bombani mwezi huu yanakaa digrii 26 huko, na mi nataka 20, kwa hiyo beseni la barafu ndo sehemu ya kwanza ya kazi. Dawa ni ID-11, nachanganya sehemu moja ya dawa na sehemu moja ya maji, dakika 11. FP4 inaona rangi zote, taa nyekundu haifai, ni giza kamili na trei, unazigeuza shiti taratibu, ya chini inakuja juu, kwa pande za vidole ili kucha zisikwaruze. Ya pango niliisafisha peke yake, dakika 9. Suuza ya mwisho usitumie maji yetu ya bomba, yana chumvi, yakikauka yanaacha madoa meupe kwenye negativu. Nenda duka la spea ununue maji ya betri, yale matupu, sio ya asidi.

Ya pango imekaa vizuri, ndani nyufa zinasomeka na uwanda una vitu, ule mti upo. Mbuyu wa nusu sekunde nimeukagua kwa lenzi ya mkononi mpaka ncha za matawi, hakuna kilichotikisika. Michoro imetoka, ingawa kona moja ya jiwe imekuwa nyepesi kuliko nilivyotaka.

Korongo shiti ya kwanza ilikuwa laini kidogo, nyeusi na nyeupe hazijaachana vya kutosha, ya pili nikaongeza dakika moja na nusu na sasa mizizi inasimama. Hiyo naichapa wiki hii, karatasi ya gredi ya pili, yaani ya utofauti wa kati wa nyeusi na nyeupe, kubwa. Kopi za mbuyu ni mbili, moja ya mzee, na mdogo wangu anapita barabara ile Ijumaa na mzigo wa watu, ataipeleka. Ya pango inaenda ofisi ya Kolo, kwa yule mwongozaji, na nimeuzungushia ule mti kwa penseli nyuma ya karatasi.